Kishada

Saa tano za usiku, Wadi Kabir,
bati la gereji bado linatema jua la mchana.
Aflah hajavua helmeti. Anasema:
"Gia ya tatu, mizunguko elfu sita, inakufa.
Haigongi, haikohoi, haitoi moshi.
Inakufa tu, kama mtu aliyekatizwa maneno."

Mwezi jana sekunde kumi na nukta nne.
Leo kumi na moja na ushei,
akapitwa na kijana wa Sohar
mwenye gari la kuazima.

Nikaanza kwa kuilaumu petroli.
Bijoy akapima pampu: geji imesimama wima, haitikisiki.
Nikalilaumu joto,
nyuzi thelathini na nane na unyevu wa kuloa,
injini ivute nini hapo?
Bijoy akanijibu kwa Kiarabu chake cha Kerala
kwamba yule wa Sohar naye kavuta hewa hiyohiyo.

Nikamlaumu Aflah, kimoyomoyo.
Mguu mzito, klachi anaichelewesha.

Silinda ya kwanza, mia na sabini.
Ya pili, mia na sabini.
Ya tatu, mia na sitini na nane.
Mpaka ya sita, hakuna mgonjwa.
Ila plagi zimevaa masizi kidogo,
na mimi masizi nikayafuta kwa kidole
badala ya kuyasoma.

Povu la sabuni kwenye kila kiungo. Hakuna panapovuja.
Basi Bijoy akafunga geji mbili,
moja kabla ya kipoza-hewa, moja baada yake,
tukalipandisha gari kwenye roli, tukakanyaga.
Turbo imetoa ishirini na mbili.
Injini imepokea kumi na tatu.
Tisa zimekwenda wapi?
Kama mshahara uliopitia kwa mjomba.

Tukafungua.
Ndani, kimeganda kwenye matundu,
kipande cha kanzu nyeupe, ukosi na kishada chake.

Kanzu yangu.
Wiki mbili nyuma, nikibadilisha turbo,
vumbi linapiga, nikaichana nikaziba mdomo wa bomba.
Dakika moja tu, nikasema.
Ikaja adhana. Ikaja simu ya mama kutoka Ibra.
Nikarudi nikafunga bomba, nikakaza nati,
nikajisifu kwa kukaza.

Gari likinguruma polepole, kitambaa kinalala.
Likitakiwa litoe vyote, kinainuka, kinaziba.
Kikulacho ki nguoni, husema bibi,
na nguo yenyewe nimeishona kwa riali kumi na mbili.

Bijoy kainama, anapanga spana zilizokwishapangwa.
Pipa la taka lipo hatua tatu.

Aflah akaingia na karaki tatu.
"Mmepata?"
Nikafungua kiganja.

Akakishika kishada kwa vidole viwili, akakinusa.
"Bado kina udi," akasema.
Kisha akakaa juu ya tairi,
akaanza kuhesabu, kidole kwa kidole,
mbio alizoshindwa.