Bamba la Namba Tatu

Nalipwa kwa herufi. Kila moja shilingi kumi na tano,
nukta bure, na mkato pia nikiamka na roho nzuri.
Ghorofa ya pili, Riva Rodi, mlango wa baada ya fundi saa:
hapa ndipo ligi ya vyuo vikuu huleta mashujaa wake
wakiwa bado karatasi.

Mpira siujui. Najua majina.
Najua kipa bora wa mwaka huu ana silabi nyingi kuliko subira yangu,
na mfungaji bora, Ojuka, ni mteremko:
herufi tano, chai, nimemaliza.
Kocha bora hudai "Dakta" mbele ya jina.
Udaktari wenyewe, nasikia, ni wa mchwa.

Alhamisi katibu Muriungi akaniletea kikosi bora cha msimu,
kumi na mmoja, kila mtu na nafasi yake,
kama meza kuu ya harusi
ambayo haikupangika bila watu kununiana.
Nikawasha mashine. Vumbi la shaba likanikaa kwenye kope.
Namba tatu, beki wa kushoto: HALAKE GUYO.
Hilo lilitoka vizuri. Sijui kwa nini.
Siku nyingine mkono hupenda tu.

Ijumaa jioni, simu.
"Mama Nduku, toa namba tatu. Weka Wafubwa."
Kulikoni?
"Kanuni inataka mechi kumi. Huyu ana tisa."
Na ya kumi?
"Ilinyeshewa. Uwanja wa Kabete uligeuka bwawa,
refa akaivunja dakika ya thelathini na moja. Haihesabiwi."
Akanyamaza, kisha:
"Alikuwa ameshaokoa mbili kwenye mstari."
Kama mtu anayeungama kwa asiye padre.

Nikachonga WAFUMBWA, mbio mbio, stima ikienda na kurudi,
na bamba la kwanza nikalitia kwenye droo
pamoja na marehemu wangu wengine:
kombe lililofutwa, ndoa iliyovunjika kabla ya keki,
meneja aliyefukuzwa wiki ya kupewa tuzo ya uaminifu.

Jumamosi wakapigwa picha hotelini, suti za kuazima.
Sikualikwa. Mchonga majina haalikwi.

Jumatatu kijana akapanda ngazi, mrefu, ndala miguuni,
kidole gumba cha mguu wa kushoto kimefungwa plasta,
ubao wa tuzo kwapani.
"Mmemwongezea mwenzangu M. Ni Wafubwa.
Babake akiona hii atasema huyo si mtoto wake."
Tukacheka. Kosa langu, nikamwambia, hulipi,
ila bamba jipya sina mpaka mzigo ufike Alhamisi.
"Kesho asubuhi anaenda Webuye nalo."
Nikavuta kitabu cha risiti, angalau nimwandikie deni langu.
Jina?
"Halake. Halake Guyo."

Kalamu ikasimama.
Chini barabarani mwuza betri alikuwa bado anatangaza bei ile ile.

Nikafungua droo. Sikusema kitu; ningesema nini?
Akalipeleka dirishani, akasoma mara moja tu,
akalipitisha kidole kuanzia H,
kama mtu anayepima makali ya kisu cha mwenzake.
Halafu akaligeuza.
Mgongo ulikuwa safi, haujaguswa, unang'aa kuliko uso.
"Huku," akasema, "jina la Wafubwa litaenea?"

Nikahesabu. Litaenea.

Nikachonga polepole, herufi saba, hakuna ya ziada.
Nikalipigilia kwenye ubao, misumari minne:
jina moja la kutazama sebule ya Webuye,
jina moja la kutazama mbao.

Akadai risiti yake hata hivyo. Ya sifuri.
Nikaandika, nikapiga muhuri.
Akashuka ngazi mbili mbili,
na nilimsikia, mguu wa kushoto ndio uliotangulia.