Kisigino Mbele

Nilimwambia ni kukua tu.
Mara tatu nilimwambia, nikiwavisha ng'ombe mirija,
bila hata kugeuza shingo:
Jildou, mifupa ya miaka kumi na miwili huuma. Nenda ukalale.

Lakini kukua hakumwamshi mtu saa nane za usiku,
wala hakuchagui goti moja kikaliacha lenzake.
Ng'ombe wangu akichechemea siku mbili, namwita daktari.
Mwanangu alichechemea wiki sita.

Huko Sneek wakaitundika eksirei ukutani.
Juu kidogo ya goti mfupa ulikuwa umetoa miale,
kama jua la mtoto wa chekechea.
Hakuna aliyetaja saratani.
Walisema: Groningen. Kesho.

Nami nikataka wakate papo hapo.
Daktari Halbertsma, mwanamke wa sauti ndogo, akakataa.
Kwanza picha, ya goti, ya mapafu.
Kisha akachora mstari wa wino pajani:
sindano ya kuchukua kinofu itapita hapa tu,
maana inakopita huenda ikadondosha mbegu,
na siku ya kupasua, njia yake nayo tutaing'oa.
Hilo nililielewa. Mimi mtu wa magugu.

Wiki kumi za dawa. Moja nyekundu kama sharubati.
Nywele zake zilibaki ndani ya kofia ya sufu.
Na mwaka huo, kati ya miaka yote,
mifereji ikaganda mpaka kijijini,
wenzake wakateleza wakipita dirishani petu,
wakipunga mikono, wasijue kama wapunge.

Mfupa wa chuma, daktari akasema, utampa mguu mzuri wa kutazamwa.
Au tutoe goti pamoja na uvimbe, tuache mshipa wa fahamu,
tupandishe mguu wa chini, tuuzungushe nusu duara:
kifundo kitakuwa goti,
kisigino kitatazama mbele.
Tsjikke, mke wangu, akatoka nje.
Jildou akauliza, Upi unaruhusiwa kuanguka?
Huo wa kuzungushwa.
Basi geuzeni.

Saa kumi na moja tulikaa kwenye viti vya plastiki.
Mshipa hawakuukata, waliukunja
kama ninavyokunja kamba ya ndama.
Alipozinduka nikamgusa unyayo,
nikiutafuta mahali usipopaswa kuwa.
Unanitekenya, akasema.

Walioukata ule mfupa vipande na kuupima kwa hadubini
walituletea hesabu: kingo safi,
na katika kila seli mia, tisini na sita zimekufa.
Na hizo nne? nikauliza.
Kwa ajili ya hizo nne, daktari akasema, tunarudi kwenye dawa.

Sasa amevaa mguu bandia, anakunja goti kwa kifundo.
Kucha zake, alizopaka rangi ya zambarau,
zinatazama alikotoka.
Kila miezi mitatu tunapiga picha ya mapafu
na mimi siongei njiani, hata redio siwashi.

Jana saa nane za usiku nikamsikia ameamka.
Nilifika mlangoni kabla sijajua nimesimama.
Alikuwa na kiu.
Nikamletea maji, nikamtazama anavyoyanywa,
funda kwa funda, mpaka bilauri ikawa tupu,
nami bado nimesimama.
Baba, akasema. Nenda ukalale.