Tazama Sehemu ya ??

Madaftari saba ya Mwalimu Ogweno yalinifikia Maseno
ndani ya mfuko wa unga, yamefungwa kwa uzi wa katani,
na kijikaratasi cha mjane wake, Mama Risper:
"Yachape. Hesabu zake mimi sizijui,
ila hakupenda kitu kisicho na kichwa."

Mukhwana wa Luanda alikuwa ameianza kazi.
Yeye vichwa alivinenepesha tu kwa mkono,
akaandika 1, 2, 3 kama mtu anayehesabu kuku jioni.
Nikapenyeza sehemu moja aliyoiruka:
nambari zote zikasimama palepale, zikadanganya.

Nikafuta. Nikaanza upya:
mkwaju uliolalia nyuma, neno la amri,
kisha mabano, na jina ndani yake kama mtoto mgongoni.
Usiuambie mtambo "nenepesha, kuza".
Uambie: hii ni sehemu, hiki kifungu chake.
Unene utaamua wenyewe.

Shukrani nikazitia nyota,
nyota ndogo isemayo: hii haihesabiwi.
Na humo ndimo alimomtaja Risper,
na muuza omena aliyemwazima taa.

Saa tisa mvua ikapanda kutoka ziwani,
stima ikaenda, ikarudi, ikaenda.
Betri asilimia kumi na moja.
Daftari la saba, uthibitisho wa mwisho,
mwandiko umelegea kama uzi uliolowa:
"Kwa hali iliyobaki, tazama sehemu inayofuata."

Hakuna inayofuata.
Kurasa nyeupe. Doa la chai. Nambari ya simu ya famasi.

Rejeo nikaliweka vivyo hivyo, bila lebo ya kulipokea.
Nikachapa mara mbili, maana mtambo huu
haukumbuki majina kwa safari moja.
Mara ya tatu ilikuwa ukaidi wangu tu.
Tazama Sehemu ya ??

Ningeifuta sentensi, na mhariri wa Njoro asingejua.
Nje, watoto wa shule waliuruka mstari wa ikweta,
kaskazini, kusini, kaskazini,
na mvua ikawalowesha sawasawa.

Nikafungua sehemu mpya. Ikajipa sita.
Nikaiita kwa maneno yake, *Hali Iliyobaki*,
nikaitia lebo, na chini yake
sikuandika kitu.

Mama Risper, kichwa kimepatikana.
Kiwiliwili bado.