Vifurushi Yatima

Msellem aliacha mashine nne juu ya meza ya mvule,
ghorofani Mwembe Tayari, juu ya duka la magodoro,
kila moja na mfumo wake, kila moja na tabia.
Mjane wake alinipa funguo.
Neno la siri lilikuwa nyuma ya risiti ya mchele.

Ya kwanza, Debian, ni ya watu wa staha:
haimpokei mgeni mpaka ajulikane kwao,
na akija huja na jamaa zake, kama harusi ya Kibokoni:
umealika mmoja, unapika pilau ya arobaini.
Mzigo wake wa zamani,
lakini haujaniaibisha mbele ya mteja.

Arch hudamkia Kongowea.
Kila kitu kibichi, nyanya bado zina umande.
Jumanne nilisasisha bila kusoma tangazo;
printa ya wakili Dzombo ikanuna siku tatu.
Iliandika. Mimi ndiye sikusoma.

Gentoo haitaki unga wa dukani,
inataka mahindi, na jiwe, na usiku kucha.
Feni inavuma, stima inapepesa,
nami nimekaa nakingoja kivinjari kiive.
Msellem aliipenda hiyo kuliko zote.
"Ukisaga mwenyewe," akisema, "wajua changarawe iko wapi."

Na Slackware haiulizi.
Ukiweka, imeweka. Ukitoa, imetoa.
Nani alimtegemea nani, hayo ni yenu.
Nina shangazi wa hivyo, Likoni.

Jana nikaanza kusafisha ile ya kwanza.
Nikaondoa programu moja tu, ya hesabu,
aliyoandikia madeni ambayo hakuyadai.
Ikaenda kimya.
Kisha mashine ikaniambia, kwa adabu zake:
vifurushi hivi kumi na saba
vililetwa kwa ajili ya mwingine,
na huyo mwingine hayupo tena.
Waweza kuviondoa.

Nikasoma majina yao. Fonti. Kichora grafu.
Kamusi ya tahajia.
Hakuna aliyeitwa kwa jina lake,
wote walikuja wameshika kanzu ya mkubwa.
Arch ingenyamaza mpaka niulize,
na nikiuliza, ingewaita mayatima bila kupepesa jicho.
Slackware isingejua kwamba kuna msiba.

Na mimi, mlango huu niliuingiaje?
Nilikuja kumshikia tochi akichomea waya.
Siku moja tu, alisema. Miaka sita.

Lipo agizo dogo, Debian inalo:
unakitaja kifurushi, unasema
hiki nimekitaka mwenyewe,
na tangu hapo hakihesabiwi kuwa cha kufuata mtu.
Nikaitaja ile kamusi. Sijui kwa nini hiyo.
Kumi na sita wakabaki wakinitazama.

Chini, sauti ikauliza kama fundi yupo.
Nikaijibu mashine hapana,
nikashuka.