Gundi ya Unga

Sheria yetu ina kichaa chake kimoja kitamu:
unaweza kuishtaki meli.
Si mwenye meli, ambaye ni sanduku la posta
kwenye kisiwa ambacho yeye mwenyewe hajawahi kukikanyaga,
wala si nahodha. Meli yenyewe,
na nanga yake na kutu yake,
inaitwa kwa jina mbele ya hakimu kama mtu mzima.
Mdaiwa: Levantina.

Bi. Boutilier alinipa hati ingali na joto la mashine.
"Kaibandike kwenye kioo cha usukani.
Zamani waliipigilia msumari mlingotini;
siku hizi mlingoti hakuna, tuna selotepu."
Akarudi kwenye simu. Oslo walikuwa wakisubiri,
na Oslo hawapendi kusubiri.

Halifax, Februari,
baridi inayouma mpaka kwenye meno yaliyozibwa.
Comeau, afisa wa mahakama, alitangulia ngazini
akihesabu vidato kwa Kifaransa cha kwao.
Juu, watu kumi na mmoja, miezi saba bila mshahara,
taa zimezimwa ili dizeli ifike Jumapili.

Selotepu ilikataa.
Kioo kilikuwa kimevaa barafu, utepe ukajikunja,
hati ikapaa, Comeau akaidaka kwa tumbo.
Tukajaribu tena. Ikapaa tena.

Mpishi alitutazama kwa muda, hakusema,
akashuka, akarudi na sufuria:
unga wa ngano na maji ya moto,
umekorogwa ukawa mzito, unafuka moshi.
Akapaka kioo kwa kiganja kitupu.
"Ningepika mkate," alisema Rodelio wa Iloilo,
kisha akaibandika yeye mwenyewe
karatasi inayoikamata nyumba anamolala.

Nahodha Tengiz akauliza, "Basi sisi ni wafungwa?"
Hapana, nikamjibu. Mfungwa ni meli. Ninyi ni wadai.
Akacheka mpaka akakohoa.
"Na mfungwa huyo ndiye anatulaza."

Jikoni niliwaeleza foleni.
Meli ikiuzwa, gharama za mahakama zinatangulia,
kisha mishahara, kisha ndipo benki na rehani yake.
Jasho la baharia limeng'ang'ania chuma kama chaza mwambani,
abadilike mwenye meli, ibadilike bendera, halibanduki.
Rodelio hakuamini.
Nani amewahi kuiona benki
imesimama nyuma ya mpishi?

Sikumwambia kwamba mwezi Oktoba,
katika chumba kilekile cha mahakama,
nilisimama upande wa benki nyingine,
nikiwa na koti hilihili,
nikahesabu mishahara ya watu nisiowaona
na kuipunguza, tarakimu moja moja, kwa adabu.

Usiku nilijaza daftari la saa,
ambamo kila dakika sita zina jina na bei.
Kupanda ngazi: kumi na mbili.
Kutoa hati: sita.
Kisha nikakwama.
Kungoja unga uchemke, nimtoze nani?
Asubuhi nilikuta Bi. Boutilier amepitisha kalamu,
amekata mstari mzima, na pembeni, kwa wino wa kijani:
tunadaiwa sisi.

Aprili ikauzwa kwa bei ya chuma chakavu.
Rodelio alilipwa, akaenda kwao, hakutuandikia,
na kwa nini atuandikie?
Benki ilipata makombo, ikaleta barua kali
yenye aya kumi na nne.

Comeau alikwenda kuivua hati.
Maji ya moto, kisu, kucha, matusi ya Kiakadia.
Ilitoka vipande vipande kama ngozi iliyoungua jua,
isipokuwa pembe moja, iliyogeuka jiwe:
neno Mdaiwa, na nukta mbili.
Tagi ikaivuta hivyo hivyo kupita mnara wa taa,
kuelekea wanakovunja meli,
na jina hakuna tena mbele ya zile nukta.