Kabla Haijayeyuka

Ijumaa mashine hulala baada ya saa sita,
amonia hubaki puani kama deni la dukani.
Tunafagia magamba ya nguru,
tunamwaga ndoo nne za maji sakafuni
na sabuni ya kipande kidogo, si ya unga:
ya unga huchubua magoti, tulijua kwa machungu.

Huu ndio uwanja wetu, Malindi, nyuma ya soko la samaki,
hatua kumi na saba kwa tisa.
Lango ni fremu ya kitanda cha marehemu shangazi,
wavu ni jarife lililowashinda wenyewe.

Mimi nilisimama juu ya barafu ya kweli misimu miwili,
Nairobi, ndani ya hoteli,
mlinda geti kwanza, ndipo mlinda lango.
Hodari sikuwa.
Siku moja nilifungwa tisa na watoto wa mabalozi.
Nikarudi na goti linalotabiri mvua
na mambo matano ninayoyajua.
Mbeyu anayajua manne.

La kwanza: chuchumaa, usikae. Wasubiri chai?
Uzito uende vidoleni, kifua kiwe wazi,
gongo liguse chini, lisiinuke hata mamako akikuita.
Ana miaka kumi na miwili,
sponji la godoro kwenye miguu, limefungwa kwa tyubu za baiskeli,
soksi tatu, moja juu ya nyingine,
ya juu kabisa ni ya shule
na hilo nyumbani hawalijui.

Kisahani cha kuchezea hatununui.
Thoya hukikata kwa msumeno kwenye bonge lililobaki,
duara kama mkate wa mofa, anakilaza, anakipiga.
Kinakuja kikikwaruza, kikiburura mkia wa maji.

Toka, Mbeyu! La pili!
Ukiganda mlangoni mlango ni mpana,
ukisogea hatua mbili haoni mlango, anakuona wewe.
Anatoka. Anaanguka magoti kwa pamoja, visigino nje,
kipepeo, pwaa,
na maji yanaruka hadi kwenye kalenda ya mwaka juzi.

La tatu ni kuinuka.
Ukitaka kwenda kushoto sukuma kwa mguu wa kulia.
Kulia, mtoto! Upande wa mkono wa kulia wali!
Anacheka, anateleza, analala chali,
kisahani kinampita taratibu
kama mgeni asiyetaka kusumbua.

Bwana Shekue, mwenye kiwanda, anachungulia toka ngazini.
"Na hili linalipa?"
Halilipi, namwambia.
Anasimama kidogo. Kisha anavuta kreti, anakaa.

Pigo la thelathini, mkate umekuwa kifuniko cha kikombe.
La hamsini, shilingi ishirini.
Hapo ndipo la nne linapoanza, macho:
usiutazame mkono wa Thoya, mkono husema uongo,
kitazame kitu chenyewe hadi ndani ya glavu,
hata kikiwa kidogo, hata kikiwa hakitaki kuonekana.

La sitini na tatu ni jino la mtoto.
Thoya anakiokota kwa kucha, anakilenga, anapiga.
Glavu inafumba.
Kimya. Kunguru mmoja juu ya mabati.
Mbeyu anafungua kiganja, anatazama, ananiletea:
unyevu tu.
"Nimedaka, ama kimepita?"

Sina jibu. Halimo katika yangu matano.

Kesho usiku tunapanda basi.
Kule barafu hushinda na kulala, haitoroki,
na kisahani ni cha mpira mgumu mweusi.
La tano sijamfundisha. Ningemfundishaje hapa?
Ni kugeuka, kuinama,
kukitoa wavuni kwa mkono wako mwenyewe
wakati wengine wanashangilia,
na kumrudishia refa bila kukirusha.
Hapa kila bao nililomfunga lilikauka kabla ya maghribi.

Namtazama akifuta glavu kwenye fremu ya shangazi,
upande, kisha upande.
Anapiga gongo chini mara mbili.
"Thoya. Kata nyingine."