Hati Na. 412

Ghala lilikuwa la korosho kabla halijawa letu,
na mpaka leo, mvua za Machi zikipiga bati,
sakafu hutoa harufu ya maganda yaliyoungua.
Bi Somoe Lichanda hupiga chafya mara tatu,
kisha huyaomba radhi makabati.

Chuo kilimwambia: kusini hakuna maandishi,
kusini kuna ngoma na vinyago.
Hakubisha.
Alipanda basi la Lindi, akalala siku mbili kwenye tope la Rufiji,
akashuka na begi la turubai, akaanza kubisha hodi.

Hodi Mchinga. Hodi Mingoyo. Hodi Sudi.
Wengine walimdhani wa kodi,
wengine mganga anayewinda kitabu cha falaki.
Alikaribishwa, akanyweshwa uji, akadanganywa,
na vitabu viko darini juu ya kichwa chake,
vimefungwa kwa kaniki.

Mikindani, Bi Mwanashuru alimkatalia miaka kumi na mmoja.
Kila mwaka sahani ya ming'oko, chumvi na pilipili,
kila mwaka: "Mwanangu, babu hajaniruhusu."
Babu alikufa kabla yeye hajazaliwa.
Mwaka wa kumi na mbili waliotoa ruhusa ni mchwa.

Mimi nilikuwa kijana wa kufuta vumbi.
Nililipokea lile daftari kwa brashi ya kunyolea ndevu,
nikatenganisha kurasa
kama mtu anayemvua shati mtoto mwenye homa.
Wino wa masizi. Herufi za Kiarabu, maneno ya kwetu:
chumvi, kaniki, sandarusi.
Fulani anadaiwa. Fulani kalipa nusu.
Na pembeni, kwa mkono wenye haraka,
ubeti wa karani aliyechoka:

    Nimehesabu majora, hesabu haitimii,
    Kila jora lina sura, lakini halinambii,
    Moyo hauna imara, kutwa kucha situlii,
    Aliyeweka tijara, mbona yeye haumii?

Chini yake mstari mmoja:
Nanjota, Mmwera, msichana. Majora sita.

Bi Somoe aliusoma kwa sauti, halafu bila sauti.
"Huyu ni mama wa bibi yangu," alisema,
kama mtu anayetaja saa.
Kwao walijua jina. Alikotoka
hakuna aliyewahi kuuliza mara mbili.

Mali bila daftari hupotea bila habari:
duka la jirani wameipaka ukutani kwa rangi ya kijani.
Tulikuwa tukiiona kila asubuhi.
"Basi yeye hakupotea," akasema.
"Aliandikwa mali."

Nilidhani ataliweka kando.
Mjukuu wa wenye daftari, diwani, alikuja na mkate wa sinia,
akaomba, kwa adabu kabisa, ukurasa ule upumzike.
Bi Somoe alikula mkate. Akausifu. Akachonga penseli.
Na. 411 ilikuwa dawa ya jino,
na. 413 barua ya posa iliyokataliwa.
Katikati yao akaandika, kwa mwandiko uleule,
bila kukoleza, bila kufifisha:
Daftari la biashara, Mikindani. Kurasa 38.
Limeliwa pembe ya kushoto.
Yaliyomo: chumvi, kaniki, sandarusi, watu.

Sasa amestaafu. Funguo ninazo mimi,
pamoja na feni moja na deni la umeme.
Alhamisi huja na miwani yake ya kamba,
hunisahihisha tarehe, hulalamikia unyevu,
huomba ile orodha ya visima vya Newala
anayodai niliipanga vibaya.
412 haombi. Akipita kabati lile
hugusa mpini tu, kama mtu anayehakiki mlango usiku.

Juzi kumekuja fomu kutoka wizarani.
Idadi ya hati: nimejaza.
Hali ya jengo: nimejaza, nimeongeza karatasi.
Thamani ya mkusanyo kwa shilingi.
Nafasi ile nimeiacha wazi.
Fomu imerudishwa mara mbili.